Kwa nini neno "kigugumizi" liwe gumu kuliko yote kwa mwenye kigugumizi?

#1 FundoLaUlimi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu juzi. Nina miaka 34 na nina kigugumizi tangu utotoni. Juzi nilikwenda kliniki moja kuuliza kama wana mtaalamu wa tiba ya usemi. Dada wa dirishani akaniuliza, "Una tatizo gani, kaka?" Jibu lake ni neno moja tu. Nikafungua mdomo, "ki" ikatoka, "gu" ikagoma. Koo limefunga, shingo imekakamaa, nyuma yangu foleni ya watu kama kumi. Dada wa watu hakuwa na ubaya, akaanza kunikisia: "Meno? Umemeza mwiba? Koo?" Aliporudia koo nikaitikia kwa kichwa, ili foleni isogee. Nikalipa, nikaangaliwa koo kwa tochi, nikaambiwa koo ni zima.

Nimerudi nyumbani nawaza. Maneno mengine yote nikikwama nayakwepa. Hili siwezi kulikwepa, na ndilo gumu kuliko yote. Mwenye kulitamka bila taabu ni yule asiyelihitaji. Ilikuwaje tukapewa jina ambalo sisi wenyewe hatuwezi kulitaja?

#2 Chekeche
Pole sana mkuu. Natandika mkeka hapa, wataalamu waje.

#3 MzeeWaKamusi
Mleta mada, neno hilo halikutungwa kukukomoa. Limetokana na sauti yenyewe. Mtazame ndugu yake: kugugumia ni kunywa kwa mafunda makubwa mpaka koo linalia gu, gu, gu. Kugugumiza ni maneno kutoka kwa mtindo huohuo, yanakuja kwa mafunda na kukwama. Waliotangulia walimsikiliza mtu akisema, wakaiga walichosikia. Bubu naye ameitwa kwa hiyo bu-bu. Waarabu wana tamtamu, mtu anayekwama kwenye te, na fafaa, anayekwama kwenye fe. Ukimwita mtu kwa kuiga anapokwama, lazima jina lake likae palepale anapokwama.

#4 KaakaaLaini
Mzee nakuunga mkono nusu. Ugumu hauko kwenye maana, uko kwenye ulimi. Tamkeni polepole: ki-gu-gu. K na g hutamkwa mahali pamoja, nyuma ya ulimi inapanda na kuziba kaakaa laini, hewa inasimama, halafu inaachiwa. Tofauti yake ni kwamba k haina mghuno, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti kooni, na g inao. Kwa hiyo unaziba, unaachia bila mghuno, unaziba palepale na kuwasha mghuno, unaziba tena. Mara tatu, kabla hujafika hata katikati ya neno. Na neno lina silabi tano. Mtu ambaye shida yake ni kuziba na kuachia, amepewa vizibo vitatu mfululizo mwanzoni.

Lingeitwa "ulimi mzito" lingeanza na irabu, labda angalau hewa ingepita.

#5 FundoLaUlimi
#4 asante, umenielezea mdomo wangu kuliko nilivyoweza mimi. Ila irabu nazo hukwama. Jina la marehemu baba yangu linaanza na A, na kuna siku sikuweza kulitaja kwenye fomu ya benki. Ilibidi niombe kalamu.

#6 MamaWawili
Mimi bibi yangu alisema mtoto mchanga akitekenywa sana anakuwa na kigugumizi. Kijana wangu wa pili alianza kukwamakwama alipofika miaka mitatu, na shangazi zake walikuwa wanamtekenya kila siku. Nikawapiga marufuku wote. Miezi minane baadaye ikaisha yenyewe. Mnisamehe wasomi, mimi naamini nilichoona.

#7 NesiWaKata
MamaWawili, ulichoona ni kweli, ila wanaotekenya umewaonea. Watoto wapatao 5 katika kila 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, wengi wao kati ya miaka miwili na mitano, ndio umri sentensi zinapoanza kurefuka. Wengi hupona wenyewe kama wa kwako. Kwa watu wazima hubaki kama mmoja katika 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, karibu wanne kwa mmoja. Kinatembea pia katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba mabadiliko kwenye jeni inayoitwa GNPTAB yanahusiana nacho katika baadhi ya familia. Kutekenya hakumo, wala hofu ya mama mjamzito, wala kujitazama kwenye kioo.

Mleta mada, hukukosea kwenda kliniki. Siku nyingine andika kwenye karatasi au kwenye simu kabla ya kufika dirishani, umpe asome.

#8 Chekeche
Ya kioo nami nilikatazwa! Nimekua sijui sura yangu mpaka nilipoanza shule. Endeleeni.

#9 SautiYaBahari
Salaam kutoka Mombasa. Nilikuwa napita kimya, ila hili lanihusu. Mimi nina kithembe, na jina letu sisi twalimudu.

Kila s kwangu huwa th. Samaki ni thamaki, sukari ni thukari, Sabrina wa jirani ni Thabrina. Lakini sema nami: "Nina kithembe." Iko wapi s hapo? Haipo. Natamka kama mtangazaji wa redio. Aliyelitunga neno hili naona alituhurumia, akaiweka ndani sauti tuliyo nayo na kuitoa tusiyo nayo.

Shida huja nikitaka kukataa. Nikiwa darasa la tano mwalimu mgeni aliniuliza mbele ya wenzangu kama nina kithembe. Niliona haya, nikasimama nikajibu, "Thina kithembe, mwalimu." Wenzangu waliangua kicheko na mimi sikuelewa kwa nini, kwa maana masikioni mwangu nilikuwa nimekataa. Nililia mpaka mapumziko. Kukiri naweza. Kukana ndiko kunanifichua. Nimeishi na hilo miaka thelathini na sijawahi kumwambia mtu.

#10 UziMweupe
Dada wa #9, hii ya "thina" nimeisoma mara tatu. Kukiri safi, kukana ndiyo ushahidi.

#11 MzeeWaKamusi
SautiYaBahari, pole kwa hayo ya darasani. Kwenye neno lakini tuongeze jambo. Kamusi zina kithembe na kitembe pia. Huku bara watu wengi husema kitembe, maana th si sauti ya nyumbani kwao; thelathini wengi wanaiita selasini. Kwa hiyo ile huruma unayoisema iko pwani. Na sidhani ilikuwa huruma. Ni uigaji uleule wa #3: walisikia mtu anasema th pasipo th, wakaitia kwenye jina lake.

#12 SautiYaBahari
Mzee, mwigaji na mwenye huruma wote wangefika kwenye neno lilelile, kwa hiyo mimi nachagua huruma. Neno gumu kwangu ni "fasaha". Sifa ya kusema vizuri, na siwezi kuisema vizuri. Fathaha. Mashairi naandika, kwenye vikao vya washairi namwomba mdogo wangu ndiye asome.

#13 DalaNiDala
Niaje wadau, Kisumu hapa. Sisi Kenya tuna neno kushrabu, yaani kuongea lugha nyingine na lafudhi ya lugha ya mama imekaa juu. Sasa angalieni hilo neno lenyewe. Kijaluo hakina sh wala hakina z. Shule ni sule, shati ni sati. Mtu akinicheka ati nashrabu, nikitaka kumwambia sishrabu natoa "sisrabu". Ni kama "thina" ya dada hapo juu. Halafu shr ni konsonanti zimebanana, hata wasio Wajaluo wanaziwekea irabu katikati ndio zipite.

Rafiki yangu Mkikuyu naye, kwao r iko, l haiko. Neno "lafudhi" kwake ni "rafudhi", na "lugha" ni "rugha". Yaani maneno mawili ambayo unahitaji ili uzungumzie shida yake, yote yanaanza na shida yake.

#14 GhatiWaMara
Wajaluo karibuni kwenye msiba wetu. Sisi Wakurya l hatuna. Kura na kula kwetu ni mlango mmoja. Mwaka wa uchaguzi watani zangu wanachoka kunisahihisha. Ila mimi nikiongea Kikurya sina tatizo lolote la kutamka, tatizo linazaliwa nikivuka kwenda lugha ya wengine. Mleta mada tatizo lake liko kwenye lugha zote. Tusiyachanganye haya mawili, tutamwonea.

#15 FundoLaUlimi
Ghati umenena. Nina Kipare na Kiswahili, nakwama kote.

#16 MtumishiMdogo
Bwana asifiwe. Jambo hili limo kwenye Maandiko. Wafilisti walipokuwa wanavuka mto waliambiwa watamke Shibolethi, wakasema Sibolethi, wakauawa. Neno moja tu.

#17 BintiMchungaji
Amen, ila si Wafilisti, mtumishi. Ni Waefraimu, Waamuzi 12:6, waliouawa ni 42,000 kwenye vivuko vya Yordani, na waliowapima ni Wagileadi wa Yeftha. Yaani ndugu kwa ndugu, wote Waisraeli. Neno lenyewe halikuwa na kosa lolote, wengi wanalifasiri kuwa suke la nafaka. DalaNiDala, sh na s, unaona mwenyewe.

#18 DalaNiDala
Nimeona. Mimi kwa ule mto singevuka.

#19 KaakaaLaini
Hadithi kubwa hiyo, ila Shibolethi halikuwa jina la Waefraimu. Lilikuwa mtego. Mada ni neno linalomtaja mtu huku yeye halimudu. Turudi.

#20 AbuNuhu
Asalaam aleikum. Kwetu kuna kisa cha Bilal bin Rabah, mwadhini wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa akitamka shini (sh) kama sini (s) kwenye adhana, watu wakalalamika, wakaambiwa sini ya Bilal mbele ya Mwenyezi Mungu ni shini.

#21 MsomajiWaUsiku
Waaleikum salaam Abu Nuhu. Kisa hicho kinapendwa sana lakini wanazuoni wa hadithi wamesema hakina asili. Ibn Kathir ni mmojawapo. Bilal alisifiwa kwa sauti nzuri.

Kisa chenye mizizi ni cha Wasil ibn Ata, aliyefariki mwaka 748, huyu aliyeanzisha Muutazila, kundi la wanateolojia wa Kiislamu. Hakuweza kutamka raa, yaani r ya Kiarabu. Al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu wa zamani, ameeleza habari zake kwa kirefu. Wasil alikuwa mwanajadali, kazi yake ni kusimama mbele za watu na kubishana, basi akaiondoa raa kwenye maneno yake yote. Ngano kwa Kiarabu ni burr. Yeye akasema qamh. Mvua ni matar. Yeye akasema ghaith. Ipo mpaka leo hotuba yake nzima isiyo na raa hata moja.

Sasa mtazameni kwa jicho la uzi huu. Mji aliokaa ni Basra. Na herufi inayomsumbua inaitwa raa. Hakuweza kulitaja tatizo lake kwa jina lake, ila neno la Kiarabu la hali yake, luthgha, halina raa ndani. Huyo naye alibahatika kama SautiYaBahari.

#22 Chekeche
Hotuba nzima bila herufi moja? Jaribuni kusema dakika mbili bila a. Mimi nimeshindwa kuagiza chai.

#23 FundoLaUlimi
Ndugu wa #21, huyo Wasil nimemwelewa kuliko nyote, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Kichwani mwangu kuna kamusi ya pili. Nikiona neno linakuja na najua litagoma, natafuta mwenzake kabla sijalifikia. Kuku likigoma nasema jogoo, hata kama ni mtetea. Watu wanadhani nina maneno ya ajabuajabu, kumbe ni njia za panya.

Nawapeni kimoja. Nakaa Kijitonyama. Kwenye daladala ukifika kituoni lazima umwambie konda. Ki-ji ikikataa, gari linapita. Nikafunza mdomo wangu kusema "Makumbusho", kwa sababu m inatoka, midomo inafungwa lakini pua iko wazi, hewa inapita. Nashuka Makumbusho narudi kwa mguu. Miaka sita sasa. Kwenye mvua, na mkaa, na mtoto mgongoni siku moja. Mke wangu alidhani napenda kutembea.

Ndiyo maana nadhani #3 na #4 wote mko sawa na bado hamjafika. Nina maneno mengine yenye k na g ambayo nayasema. Gugu, kikokotoo, yanatoka. Kigugumizi ni gumu kwa sababu halina mwenzake. Jina langu ni hivyohivyo, na kila mwenye kigugumizi niliyewahi kukutana naye anakwama kwenye jina lake mwenyewe. Sipati pa kukwepea, mwili unajua, unafunga mapema.

#24 KaakaaLaini
Nimekuelewa mkuu. Lakini je, lingekuwa na maneno kumi ya kuchagua, hayo kumi nayo yasingeanza kuogopwa? Nauliza kweli, sijui jibu.

#25 BintiMchungaji
Kuna Musa pia. Kutoka 4:10, "mimi si mwepesi wa kusema, na ulimi wangu ni mzito."

#26 AbuNuhu
Na kwetu Surat Taha 27, "ulifungue fundo lililo katika ulimi wangu". Jina la mleta mada limetoka huko bila shaka.

#27 FundoLaUlimi
Limetoka huko. Ni mama alinifundisha dua hiyo. Na niseme: nikiisoma kwa kisomo sikwami hata kidogo. Nikiimba sikwami. Nikisema pamoja na watu sikwami. Nikibaki peke yangu na mtu mmoja anayesubiri, ndipo.

#28 NesiWaKata
Hilo la kuimba na kusema pamoja linajulikana kwa wengi wenye kigugumizi. Maelezo yanatofautiana: wapo wanaosema ni mapigo yanayokubeba, wapo wanaosema ni kwa kuwa hujibu swali la mtu.

#29 MachoYangu
Naomba kuingia. Mimi ni kiziwi, nilipoteza usikivu nikiwa na miaka tisa kwa homa ya uti wa mgongo. Nasoma midomo, na nyumbani tunatumia lugha ya alama.

Nyote mnazungumzia maneno yanayokwama kutoka. Mimi nawaambia yanayokwama kuingia. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kimoja. Siwezi kutofautisha. Mdogo wangu akija mbio kuniambia "baba amekuja" natazama mlangoni nione ni nani. Sasa sema bila sauti: bubu. Halafu sema mumu, halafu pupu. Ni kilekile. Hilo jina ambalo watu wamekuwa wakitubandika sisi viziwi, tena bila haki kwa sababu tuna lugha, ukilisoma mdomoni halisomeki.

"Kiziwi" nalo k iko nyuma kabisa ya mdomo, haionekani. Naona midomo inatanuka, na kuviringika kidogo kwenye w, basi. Kwa alama napewa jina hilo mkononi, linafika zima. Kwa hiyo ugumu wa neno unatokana na njia unayolileta, Fundo. Umejaribu kuandika? Hapa umeandika kigugumizi mara nyingi na hujakwama.

#30 UziMweupe
Nimekwenda kwenye kioo. Baba, mama, papa. Nimekaa chini.

#31 FundoLaUlimi
MachoYangu, sikuwahi kufikiria. Asante sana.

#32 TichaWaChekechea
Walimu tuna la kwetu. Neno disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Aliliunda daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, miaka ya 1880, kutoka Kigiriki. Nina mtoto darasa la pili, ana akili nyepesi, hesabu za kichwa anawazidi wote. Kusoma anaweka kidole chini ya silabi, ba, be, bi, akifika kwenye d anaisoma b, anarudi, kidole kinatetemeka. Tumewafundisha kwamba konsonanti inafuatwa na irabu. Halafu kwenye ripoti yake nimeandikiwa niweke neno lenye sl na ks. Alilisoma juu ya meza yangu: di, si, le, ki... akaliacha. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki ndicho ninachoumwa?"

Nilikata neno lile nikaandika ugumu wa kusoma. Wenzangu wanasema nimepoteza istilahi, mzazi akienda kwa mtaalamu hatoeleweka.

#33 MzeeWaKamusi
Wenzako wana hoja mwalimu. Mtoto atahitaji jina linalojulikana popote.

#34 TichaWaChekechea
Atahitaji. Ila kwanza alihitaji kulisoma.

#35 Chekeche
Kuna lile neno refu la Kiingereza la woga wa maneno marefu, linajaza mstari mzima.

#36 KaakaaLaini
Hilo lilirefushwa kwa mzaha, fupi lake ni sesquipedaliophobia. Nalo si fupi. Lakini haliko sawa na la mtoto wa #32, tusiliweke pamoja.

#37 GhatiWaMara
Nani anakumbuka "Wale watu wa Liwale wala wali wa Liwali wale"? Mimi shuleni nilipewa hiyo mbele ya mgeni rasmi. Riware. Wari. Wakapiga makofi wakidhani ni mtindo.

#38 KondaMstaafu
Nimesoma uzi wote tangu saa mbili. Nimekuwa konda miaka kumi na moja, njia ya Mwenge. FundoLaUlimi, nimesikitika na hiyo miaka sita. Huhitaji kusema kitu. Ukikaribia kituo gonga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, dereva anajua kuna wa kushuka, konda anapiga kelele kwa niaba yako. Wazee wengi wanafanya hivyo, wamama wenye mizigo wanafanya hivyo. Gari likitoka Mwenge, likipita kituo cha kabla ya chako, gonga.

#39 FundoLaUlimi
Mara mbili?

#40 KondaMstaafu
Mara mbili. Moja anadhani ni mzigo umeanguka.

#41 FundoLaUlimi
Kesho nikitoka kazini najaribu. Nitaleta mrejesho.

#42 SautiYaBahari
Twausubiri. Na mzee wa kamusi, bado sijakubali kuhusu huruma. Nipe neno jingine la ulemavu wa kusema ambalo mwenyewe halimudu lenye uigaji ndani yake, tofauti na kigugumizi.

#43 MzeeWaKamusi
Nipe mpaka kesho.